Mjumbe Hauawi, Ila Huandikwa Maelezo

Tangu nirudi kutoka London, kila ninayekutana naye sokoni hapa Korogwe ananiuliza kama nilimwona Mfalme. Sikumwona. Niliwaona polisi wake wawili, nao walinipa kiti nikae. Habari yenyewe nawaandikia ninyi, wenzangu tuliopima malori pamoja pale mizani mpaka tukastaafu, kwa sababu mkitaka kunicheka mnanicheka mbele yangu. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Ukoo ulihangaika, nikapanda ndege, basi.

Kwanza niwakumbushe nilichofuata huko. Godfrey ni mtoto wa dada yangu. Alipotaka kumwoa Neema, binti wa Mzee Mhina, mshenga nilikuwa mimi. Nilipeleka barua, nikapokea maneno, nikarudisha maneno, nikala kuku wa watu. Mnajua kwetu kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Ndoa ikichechemea, yeye ndiye wa kwanza kutafutwa, hata kama wanandoa wamehamia London na wana mtoto wa miaka minane.

Zikaja habari kwamba Godfrey na mkewe wamekuwa na "ugomvi mdogo", Neema ameita polisi, na Godfrey yuko nje kwa dhamana akisubiri kesi. Kikao kikakaa kwa dada yangu. Kikasema: mshenga aende, amwombe Neema aifute kesi, yaishe kinyumbani. Wote wakanigeukia. Nami, badala ya kuuliza ugomvi mdogo ulikuwa mdogo kiasi gani, nikauliza kama suti yangu ya harusi imepigwa pasi.

Korogwe hadi Nairobi

Kabla ya kuondoka nilipita kwa Mzee Mhina. Neema alikuwa amehamia nyumba nyingine, na baba yake peke yake ndiye aliyekuwa na anwani. Alinitazama kwa muda, kisha akaniandikia.

"Wewe ndiye uliyemtoa nyumbani kwangu," alisema. "Nakupa kwa sababu hiyo tu. Mtazame mtoto wangu, uniambie yukoje."

"Usiwe na wasiwasi, Mzee mwenzangu. Hii kazi naijua."

Na kweli nilidhani naijua. Mnakumbuka nilivyokaa kwenye baraza la kata la usuluhishi wa ndoa. Niliwapatanisha watu wengi sana. Wengine niliwapatanisha mara nne, mume yule yule na mke yule yule, nami nikawa najisifu kwamba watu wanalipenda baraza letu, ndiyo maana wanarudi.

Nairobi ndege ya kuunganisha ilichelewa, kwanza kidogo, halafu sana. Nikakaa na suti yangu kwenye kiti cha chuma, nikala ndizi mbivu nilizobeba, na kila tangazo likitolewa nilisimama kwa kuogopa kuachwa. Nilisimama kwa ndege ya Johannesburg, ya Dubai na ya Kigali. Mzee mmoja Singasinga aliyekaa mbele yangu alivumilia, mwishowe akasema:

"Mzee, hiyo ni ya Mumbai. Kaa chini. Yetu ikifika nitakuamsha."

Nairobi hadi Heathrow

Kumbe viti vyetu vilikuwa jirani. Jina lake Gurdev, mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la vitambaa Southall, anatoka kwenye msiba wa kaka yake. Kiswahili chake kilikuwa cha haraka kuliko changu.

"Sasa wewe unaenda London kufanya nini na suti ya harusi?"

"Kusuluhisha ndoa."

"Ala! Na bibi mwenyewe anajua unakuja?"

"Atafurahi."

Akacheka mpaka mhudumu akageuka. Kisha, chakula kilipokuja, wali na kitu cha kijani ambacho hadi leo sijui ni nini, akanieleza habari za kwao. Mpwa wake wa kike huko Kenya, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, alikuwa anapigwa. Alikwenda kortini akapewa amri ya kumlinda, karatasi safi yenye muhuri.

"Akapeleka kituoni. Wakamwambia, 'Mama, mpelekee bwana yako mwenyewe asome.' Akampelekea. Unafikiri alisomewa vipi?"

Akaendelea kwamba binti yake mwenyewe alikuwa ameolewa Glasgow, Scotland, naye akapigwa. Huko polisi walifika chai haijachemka, na amri ya kumlinda akapewa. Lakini alipohamia London kuwa karibu na wazazi, akaambiwa aulize upya ile amri ya kule ina nguvu gani huku, maana Scotland wana sheria zao na London wana zao, ingawa Mfalme ni mmoja.

"Hii sheria ni kama laini ya simu," alisema Gurdev. "Ukivuka mpaka, inaanza kutafuta mtandao."

"Kwetu Tanzania sheria ya ndoa inakataza kabisa mtu kumpiga mwenziwe," nilimwambia. "Ilibandikwa ukutani pale tulipokuwa tukikaa na baraza. Na polisi kuna dawati la jinsia, chumba kina pazia na mama mmoja mpole. Sisi hatuna shida."

"Na ninyi barazani mlikuwa mnawaambia nini?"

"Waende wakaelewane nyumbani."

Gurdev alinipa njugu zake na namba yake ya simu, akafunga macho. Nilidhani amelala kwa sababu nimeshinda hoja.

Hounslow

Godfrey alinipokea uwanjani. Anafanya kazi hapo hapo ya kupakia mizigo, na tangu atoke polisi amepanga chumba Hounslow, ambako ndege zinapita juu ya paa kiasi kwamba nilikuwa nainama. Alinikumbatia, akanivisha koti lake zito, akaninunulia kuku wa kukaanga na chipsi. Ni kijana mwenye adabu, Godfrey. Hilo ndilo lililonichanganya tangu utoto wake, na bado linanichanganya.

Tulipokuwa tunakula nikamuuliza polisi walimwambiaje.

"Mahakama imenipa masharti, Mjomba. Nisimsogelee, nisimpigie, nisimtumie ujumbe."

"Wala mtu?"

"Wala nisitume mtu." Akacheka. "Sasa Mjomba, wewe ni mtu? Wewe ni mzee!"

Nami nilicheka, wenzangu. Nilicheka mpaka nikakohoa chipsi. Niliona Wazungu wameandika sheria bila kumjua mshenga. Nilimwambia, "Mjumbe hauawi," tukagonga mikono.

Kisha akauliza, kwa upole, kama ninayo anwani ya Neema.

"Ninayo. Baba yake kanipa."

"Utapotea, Mjomba. Nitakusindikiza mpaka stesheni tu."

Niliona ni wema. Nikamwonyesha karatasi apige picha, ili tusipotee.

Hounslow hadi Kilburn

Safari ya treni ya chini ya ardhi ningeweza kuieleza kurasa kumi, na zote zingekuwa za kunitia aibu. Kwenye ngazi zinazojiendesha nilisimama upande wa kushoto, watu wakapanga foleni nyuma yangu wakinung'unika kwa adabu, nami nikadhani wananisalimu. Nikawapungia mkono. Tulipobadilisha treni, mlango ulijifunga koti likiwa nje na mimi nikiwa ndani. Dada mmoja Msomali akalivuta, akaniambia kwa Kiswahili cha Mombasa, "Baba, pole, hii nayo ina haraka kama ina harusi."

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Ilianza na "Ndoa ni ngumu lakini". Sikuwa nimefika sehemu baada ya "lakini".

Kilburn tulipotoka, mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Godfrey akanielekeza barabara, akasema atanisubiri stesheni. Akanishika bega.

"Ukishakaa, nipigie kwa video. Akisikia sauti yangu atalainika."

Kilburn

Neema alifungua mlango ukiwa bado na mnyororo. Aliponiona aliutoa mnyororo, akapiga goti nusu kama anavyofanya nyumbani, akasema, "Shikamoo, Mjomba," halafu akachungulia nyuma yangu, kulia na kushoto.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu," nikasema, na hapo mlangoni ilikuwa kweli.

Ni nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la simu. Alinipa chai, akapakua wali na maharage ya nazi, akasema, "Kula kwanza, Mjomba, umetoka mbali." Niliona anabeba sufuria kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, kwenye kiwiko, haukuwa umenyooka sawa. Mtoto wao, Upendo, alikuwa mezani anachora. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, akasogeza kiti chake upande wa mama.

"Mkono umefanyaje?" nikauliza, kama mjinga.

"Kikao hakikuambiwa?"

"Tuliambiwa ugomvi mdogo."

"Basi ndio huo," alisema, akanionyesha. "Umepigwa misumari ndani."

Mtu mwenye akili angeweka kijiko chini. Mimi nilikuwa na hotuba. Nikaanza: ndoa ni ngumu, lakini watoto, lakini ukoo, lakini yeye mwenyewe anajuta, basi Neema mama yangu, ifute hii kesi.

"Haifutiki, Mjomba."

"Kila kesi inafutika. Kwetu—"

"Kwetu nitaambiwa niende tukaelewane. Hapa kesi si yangu, ni ya Mfalme. Hata mimi nikinyamaza wanaweza kuendelea nayo." Akanisogezea sahani. "Na sitanyamaza. Kula, wali unapoa."

Nikaona maneno yangu yamekwama. Nikakumbuka silaha yangu ya mwisho. Nikatoa simu, nikampigia Godfrey kwa video, nikaiweka mezani ikiegemea sufuria. Sura yake ikatokea, na sauti yake ikajaa chumbani: "Neema. Mama Upendo. Sikiliza."

Neema hakusogea. Lakini Upendo aliweka penseli yake sambamba na karatasi, akashuka kitini, akaenda mlangoni. Akavaa viatu. Hakukimbia wala hakulia. Alifunga kamba za kimoja, akafunga za kingine, akachukua koti la mama yake kwenye ndoano, akasimama akilishika, anasubiri. Ni kitu alichokuwa amekifanya mara nyingi.

Kisha akaitazama simu kutoka kule mlangoni, akasema jambo kwa Kiingereza. Hata Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha. Alisema: lile nyuma ya baba ni duka letu la kuku, la ng'ambo ya barabara.

Neema akaigeuza simu kifudifudi. Akazima taa, akaenda dirishani kwa pembeni, akatazama chini barabarani. Aliporudi alifunga kitasa, akafunga mnyororo, akapiga simu yake mwenyewe. Aliongea kwa sauti ya chini, bila kigugumizi, jina, anwani, sharti la dhamana. Alipomaliza akaniangalia.

"Mjomba. Umemleta."

Nilitaka kusema ameniambia atabaki stesheni. Nilitaka kusema nilidhani. Nilibaki nimeshika kijiko, na hapo kengele ya mlango wa chini ikalia. Ikalia tena, kwa muda mrefu. Upendo akamshika mama yake mkono ulio mzima, wakaingia chumba cha ndani. Mimi, mshenga, msuluhishi wa kata, nikabaki na maharage.

Polisi walifika sahani yangu haijapoa kabisa. Godfrey alikamatiwa pale pale chini. Wawili wakapanda, afande wa kike na kijana mmoja, wakampa Neema maji yake mwenyewe kwenye glasi yake mwenyewe, kisha wakanivutia kiti. Wakapiga simu kwa mkalimani, wakaiweka mezani, pale pale ilipokuwa yangu. Mkalimani alikuwa mama wa Kikongo.

"Baba, polisi iko inauliza: nani alikutuma hapa?"

Nikasimama. Nikatoa hotuba kuhusu heshima ya ndoa katika mila zetu, wajibu wa mshenga, safari niliyotoka, na nikamalizia kwamba mjumbe hauawi. Nadhani nilizungumza kwa dakika tano. Mkalimani akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza maneno yasiyozidi manne. Afande akajibu.

"Anasema hakuna mtu atakuua, Baba. Anataka tu maelezo yako. Huyo bwana anasema alikuwa anasindikiza mzee asipotee. Ni kweli?"

Nikamwona Neema amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani. Hakuniomba kitu kwa macho. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua basi halitasimama.

Nikasema, "Nilikuja kusalimia."

Neema akageuka, akarudi ndani.

Afande akaandika, akanipa kadi yenye namba, akasema nikikumbuka zaidi nipige. Kisha akauliza nitalala wapi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Hounslow haikuwezekana, na Neema, ambaye nimekula chakula chake, hakuwa na sababu hata moja ya kunilaza. Nikampigia Singasinga wa kwenye ndege.

Southall

Gurdev alinifuata na gari lake, na kwa hisani kubwa hakucheka njiani. Kwake nililala chumba kilichojaa majora ya vitambaa. Asubuhi mkewe alitukaangia chapati na viazi, akaweka chai ya tangawizi ambayo ningeapa imechemshwa Korogwe. Barabara ya kwao ina maembe, dhahabu, mishikaki na kelele, na wazee waliozaliwa Nakuru na Tanga wanaobishania bei kwa lugha tatu. Siku nyingine ningefurahi.

Nikamweleza yote, hata viatu.

"Sasa wakimwachia," akasema, "anwani anayo?"

"Anayo. Nilimpa apige picha."

"Na ukisema alikutuma?"

"Mahakama itajua amevunja masharti. Watamweka ndani mpaka kesi. Ni mtoto wa dada yangu, Gurdev. Nilimbeba."

Akamimina chai kwenye sahani yake, akapuliza.

"Ile mizani uliyonisimulia kwenye ndege. Lori la ndugu yako likija limezidi uzito, ulikuwa unafanya nini?"

Mnajua jibu, maana mlikuwepo. Mlinitania mwaka mzima kwa kumwandikia shemeji yangu faini.

"Niliandika," nikasema.

"Lori uliandika."

"Lori niliandika."

Akanywa chai yake. Mkewe akaniongezea chapati ambayo sikuiomba.

Siku hiyo hiyo alinipeleka kituoni. Kwenye simu akaja mama yule yule wa Kikongo, sijui London nzima wana mmoja tu. Nikasema: Godfrey alinitajia masharti yote, pamoja na lile la kutotuma mtu. Nikasema nilicheka. Nikasema alitaka anwani nikampa, aliniambia nimpigie kwa video nikampigia, na kwamba kengele ya mlango nilimsikia akiigonga kwa muda mrefu. Nikaeleza viatu.

"Ni hiyo tu, Baba?"

"Ni hiyo tu."

"Leo umesema mafupi," alisema, na nadhani hilo halikuwa la kutafsiri.

Mahakama ilimfungia ndani Godfrey mpaka kesi ilipokwisha, na sasa anatumikia kifungo. Neema alihamishwa tena. Safari hii sikuuliza wapi. Nilimtumia pole kupitia afande, naye hakujibu. Ni haki yake.

Kurudi Korogwe

Kutoka Southall treni ilinifikisha uwanjani mara moja, na kwenye ngazi zinazojiendesha nilisimama upande wa kulia, bila mtu wa kumwonyesha kwamba nimejifunza. Ndege ilichelewa. Nilikaa kwa kila tangazo mpaka likaja langu, nalo nikakaa, nikakaribia kuachwa.

Hapa nyumbani mmesikia yanayosemwa. Nilitumwa kumtoa mtoto, nikamfunga. Dada yangu ananipita njiani kama gogo, na mkisikia kikao kingine kimeitwa mjue mimi sikualikwa. Mwenyekiti wa baraza ameniuliza mara mbili kama nitarudi kukaa nao. Nimemwambia nitarudi tukianza na kuwauliza waliorudi mara nne.

Ila kabla ya yote hayo nilikwenda kwa Mzee Mhina. Sikuvaa suti. Nilibisha hodi pale pale nilipobisha siku ya barua, na wakati nikisubiri nikatambua kwamba sijawahi kusimama mlangoni pale bila maneno ya mtu mwingine mfukoni. Alifungua mwenyewe. Habari alikuwa nazo tayari, binti yake anapiga simu kila Jumapili.

"Leo umetumwa na nani?" aliuliza.

"Sikutumwa."

Alinitazama kama alivyonitazama siku aliyonipa anwani. Kisha akasogeza kiti, akakaa cha kwake.

"Neema ameniambia habari ya viatu," akasema. "Anzia hapo."

Nikaanzia hapo.